Kupamba Fiat 500 ya milango ya kinyume ukiwa nyumbani: anza na bawaba, rangi ije mwisho

Ukiufungua mlango wa gari hili kwa mara ya kwanza, mkono unakwenda pasipo. Unatafuta kitasa nyuma, karibu na bega la aliyeketi, kumbe kipo mbele. Nyuma ziko bawaba, mbili, zimejitokeza nje kwenye nguzo ya katikati. Waitalia huiita milango ya kukabili upepo. Wamarekani wameipa jina zito zaidi, milango ya kujiua, na wote wanasema jambo lilelile: kitasa kikiachia gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaukamata mlango kwa ukingo wake wa mbele na kuubwaga wazi. Aliyekaa pale, mkono wake huukimbilia mlango kuuvuta kabla hajafikiri, na mlango ndio unaomvuta yeye.

Ninayo Fiat 500 D ya mwaka 1963. Nimeitengeneza uani kwetu, Tanga, chini ya turubai lililofungwa kati ya mwembe na ukuta wa jirani, Jumapili na likizo za miaka mitatu. Naandika haya kwa sababu karibu kila ninayekutana naye mwenye gari la namna hii ameanza na rimu, rangi na viti, na mlango ameuwekea kesho. Atalipaka gari rangi mara mbili, hilo ni hakika. Lakini hasara ya rangi ni ndogo. Kubwa ni kumpakia mtoto ndani ya gari zuri lenye mlango usioaminika.

Jua ulichonacho

Mhandisi Dante Giacosa alilisanifu gari hili liwe dogo na rahisi kwa makusudi: urefu wa mita 2.97, uzito wa kilo 500 hivi, injini ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa na kukaa nyuma. Lile la kwanza, la Julai 1957, lilikuwa na injini ya cc 479. Toleo la D, lililotoka kati ya 1960 na 1965, lina cc 499.5. Mwaka 1965 likaja toleo la F, na milango ikageuzwa ikawa kama ya magari mengine. Giardiniera, ile yenye mwili mrefu na nafasi ya mizigo nyuma, ndiyo iliyobaki na milango ya kinyume hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 1977.

Herufi hizo zina maana kubwa siku ya kuagiza vipuri. Kwa Fiat 500 vipuri vipya bado vinapatikana Ulaya, na vingi vya F vinaingia kwenye D bila ugomvi. Milango, bawaba, vitasa na mipira ya milango haviingii. Taja toleo na mwaka kila unapoandika, na mwombe muuzaji akutumie picha ya kitu chenyewe kabla hujalipa. Kipuri kikishafika bandarini na kulipiwa ushuru, kukirudisha ni hadithi.

Kisha tafuta sumaku. Ile ya spika mbovu inatosha. Ifunge kitambaa isikwaruze, uipitishe taratibu kwenye vizingiti vya milango, sakafu ya mbele, chini ya betri, sehemu ya chini ya milango yenyewe, na zaidi ya yote kwenye mguu wa nguzo ya katikati, pale inapokutana na kizingiti. Inapokataa kushika, hakuna bati, kuna puti. Gari langu nililinunua likiwa jeupe, linameremeta. Kwenye kizingiti cha kushoto sumaku ilidondoka mara tatu ndani ya nafasi ya dhiraa moja. Nilipochokonoa na bisibisi, puti ilibanduka vipande vikubwa kama ganda la nazi, na nyuma yake kulikuwa na gazeti lililokunjwakunjwa, limelowa chumvi. Kwa gari lililoishi pwani hilo si ajabu. Chumvi huingia kwenye kizingiti kwa juu, na matundu ya kutolea maji huziba kwa tope.

Kizingiti kwenye gari hili kina kazi zaidi ya kukanyagwa. Paa ni la turubai na nguzo ni nyembamba, kwa hiyo uzito wa bodi unabebwa na sakafu na vizingiti. Kizingiti kikioza, nguzo ya katikati inalala. Na nguzo ndiyo iliyobeba bawaba.

Hatua ya kwanza: mpime mlango kabla ya kushika spana

Fungua mlango nusu. Shika ncha yake ya mbele kwa mikono miwili, unyanyue polepole kama unayepima uzito wa mtoto. Mwenzako aweke kidole kimoja kwenye bawaba ya juu na kingine kwenye nguzo. Bawaba ikicheza na nguzo ikatulia, tatizo ni pini zilizolika, kazi ya siku mbili. Nguzo ikicheza pamoja na bawaba, tatizo ni kutu, na kazi hiyo ni ya miezi. Ni afadhali ulijue hilo leo.

Ufunge sasa mlango utazame mwanya unaouzunguka. Bandika utepe wa karatasi kando ya mwanya, na kila baada ya kiganja kimoja andika kipimo kwa penseli. Mimi nilitumia keekee za kutobolea: ile ya milimita 4 ikiingia kwa kusugua, andika 4. Mwanya ulio mpana juu kwa mbele na mwembamba chini kwa mbele unakuambia mlango umeinama. Piga picha. Vipimo hivi utavihitaji kila siku hadi kazi iishe, kwa sababu macho husahau na kuanza kuuzoea upogo.

Hatua ya pili: funga bodi isitembee

Hapa ndipo watu wanapoharibu magari yao, nami niliharibu langu. Nilikata kizingiti kilichooza upande wa kushoto bila kuweka mhimili, nikiamini gari ni dogo na limekaa sawasawa juu ya stendi. Jioni nilijaribu kuufunga mlango, ukagota kwenye nguzo ya mbele. Tundu la mlango lilikuwa limejibana kwa milimita 6. Ilinichukua wiki mbili za jeki ndogo, mbao na subira kulirudisha.

Fanya hivi. Lipandishe gari kwenye stendi za chuma nne, sehemu tambarare, zishike karibu na miguu ya suspensheni ya magurudumu, pale panapobeba uzito siku zote. Mawe na matofali si stendi. Chukua bomba la mraba la milimita 25, kata kipande cha kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya katikati, usawa wa kiuno, na kingine cha mshazari kutoka chini mbele hadi juu nyuma. Vichomelee kwa vitone vidogo vya weldingi, kwenye bati zima, mahali ambapo utasugua baadaye bila majuto. Fanya pande zote mbili hata kama unakata upande mmoja. Kisha weka kipande cha tatu cha kuvuka ndani ya gari, nguzo hadi nguzo. Pima tena mianya. Ikilingana na utepe wako, ndipo ushike grainda.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, toa betri na toa tangi la petroli. Yote mawili yamekaa mbele, chini ya boneti, yanatazamana. Tangi lisisogezwe tu pembeni ya ua. Lipeleke mbali, likiwa limemwagwa na kifuniko kimefungwa. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Ndoo ya mchanga na kizima moto viwe karibu kila siku ya kuchomelea, na mtu mmoja akae tu kutazama moshi.

Kata kidogo, chomelea kidogo. Usiondoe kizingiti kizima kwa mara moja. Toa nusu ya nje, safisha ndani, paka praima inayoruhusu kuchomelewa, weka bati jipya, ndipo uende nusu nyingine. Bati la milimita 1 linatosha kwa nje. Mguu wa nguzo ya katikati uutilie bati la ndani la milimita 2, kwa maana hapo ndipo mlango mzima unapoegemea kila unapofunguliwa. Mwisho wa yote, toboa upya matundu ya kutolea maji na mwaga nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti. Usiku usilikute bati likiwa tupu, hasa wakati wa masika. Tanga, bati lililosuguliwa asubuhi huwa na wekundu wa kutu asubuhi inayofuata.

Hatua ya tatu: pini za bawaba

Pini zilizokaa miaka sitini hazitoki kwa hasira. Niligonga ya chini kwa nyundo mpaka kichwa chake kikapanuka kama uyoga, nikaenda kwa mzee mmoja anayechonga vyuma, nikiwa na bawaba mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii umeipiga wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Sasa umeifungia mlango mwanangu. Pini hupewa mafuta siku tatu, ndipo huambiwa itoke."

Alinipa dawa yake: mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na thina kiasi sawa, matone machache asubuhi na jioni. Siku ya nne, pasha bawaba joto kidogo kwa gesi ikiwa imeshatolewa kwenye gari na iko mbali na chupa ya mchanganyiko huo, kisha sukuma pini kwa chuma chembamba kuliko pini yenyewe, kuanzia chini kwenda juu. Ukiona inatoka na unga mwekundu, umefaulu.

Tundu la bawaba huwa limelika likawa la mviringo mrefu, kama yai. Kuweka pini mpya nyembamba humo ni kujidanganya. Mwombe fundi apanue tundu liwe duara tena na aweke bushi za shaba, kisha achonge pini za chuma kigumu ziingie kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Mwambie atoboe kila pini kijitundu cha grisi. Kazi hiyo ndogo imenipa milango inayofungwa kwa kidole kimoja, na sauti yake ni ya kabati la mninga.

Kuurudisha mlango kunahitaji watu wawili na blanketi. Kaza skrubu za bawaba kwa mkono tu, ufunge mlango, tia vipande vya mbao vya milimita 4 kwenye mianya juu, chini na mbele, halafu ndipo ukaze. Anza na bawaba ya juu. Mlango utoke nje kwa unywele mmoja kuliko bodi upande wa nyuma, usitoke hata kidogo upande wa mbele. Ukingo wa mbele uliotokeza ndio unaoukaribisha upepo.

Hatua ya nne: kitasa

Kitasa cha zamani kikiwa kizima kitaushika mlango. Je, kiko kizima? Ufunge mlango, kaa ndani, usukume kwa bega sehemu ya mbele mara kadhaa, kisha mwenzako auvute kutoka nje bila kugusa mkono wa kufungulia. Usikie kimya. Mlio wa kugongagonga ni meno yaliyolika au kipokeo, kile chuma kinachoshikwa na kitasa, kilicholegea kwenye nguzo ya mbele. Kaza kipokeo, kisogeze ndani kidogo kidogo, ujaribu tena. Meno yakiwa yamelika mviringo, nunua kitasa kipya. Usijaze weldingi na kusugua kwa tupa. Chuma hicho kimepikwa kikawa kigumu, na ukikichomelea kinakuwa laini.

Mimi nilikwenda mbali zaidi, nami nakushauri hivyo. Niliweka kitasa cha hatua mbili, cha ulimi unaozunguka na kukumbatia chuma cha duara, kutoka kwenye gari la kisasa lililokatwa. Uzuri wake ni hatua ya kwanza: hata mlango ukifungwa nusu, ulimi umekwishashika. Ili kikae, mlango unahitaji bati la milimita 3 kwa ndani lililochomelewa pembe zote, na nguzo ya mbele nayo vivyo hivyo nyuma ya kipokeo. Kitasa imara kwenye bati la milimita moja kitang'oka nalo. Tengeneza kwanza mfano wa bati kwa katoni ya viatu, ukate, ujaribu kuuzungusha mkono wa dirisha na kushusha kioo hadi mwisho. Nafasi ndani ya mlango huu ni finyu, na kioo kikigusa kitasa utaanza upya.

Mkono wa kufungulia wa nje uache wa asili. Najua kuna mtindo wa kuondoa mikono yote na kufungua mlango kwa kitufe cha rimoti. Kwenye mlango wa kawaida, waya ukigusana kimakosa, mlango unaachia kidogo na upepo unaurudisha. Kwenye mlango huu, waya uleule ukigusana ukiwa njia ya Segera mwendo wa 80, mlango umekwenda. Ukishindwa kabisa kujizuia, umeme wa kitufe upite kwenye relei inayokatwa kila swichi ya gari inapowashwa, na iwepo kebo ya chuma ya kufungulia betri ikifa. Ila mimi nasema uache.

Badala yake ongeza taa. Lincoln Continental ya mwaka 1961, ambayo milango yake ya nyuma ni ya kinyume, ilikuja na taa kwenye dashibodi ya kumwambia dereva kuwa mlango haujafungika. Ni wazo zuri na ni rahisi: swichi ndogo ya kubonyea kwenye kila nguzo ya mbele, waya mmoja, taa nyekundu mbele ya dereva, na baza ya shilingi kidogo. Ipange swichi iwe inabonyezwa pale tu kitasa kinapofika hatua ya pili.

Hatua ya tano: mikanda

Mwaka 1963 gari hili halikuja na mikanda. Kwa milango hii mkanda ndio kizuizi cha mwisho. Mlango ukienda, wewe unabaki. Shikizo la juu litakuwa kwenye nguzo ya katikati uliyokwisha kuiimarisha, la chini kwenye kizingiti, la tatu kando ya handaki la katikati ya sakafu. Kila shikizo liwe na bati la milimita 3 lenye ukubwa wa kiganja, pembe zake zimeviringwa zisikate sakafu, na nati iliyochomelewa nyuma. Bolti za mikanda karibu duniani kote ni za inchi 7/16. Tumia zilezile zinazokuja na mkanda. Mkanda uwe mpya. Wa gari lililopata ajali usiununue hata ukipewa bure.

Mipira ya milango

Kata mpira ukiwa na milimita 10 za ziada na usiuvute unapoubandika, utajikunja baada ya wiki. Paka chaki kwenye mpira, ufunge mlango, ufungue: palipokosa alama kwenye bati ndipo maji yatakapopita. Kisha kata kipande cha gazeti, kibane mlangoni, ukivute. Kitoke kwa kusitasita. Kikikataa kabisa kutoka, mpira ni mnene na unausukuma mlango nje dhidi ya kitasa saa zote. Kwenye mlango wa kinyume hilo ni kosa la usalama.

Injini, breki na miguu

Sehemu hii ndiyo watu wanayoipenda, nami nitapita haraka kwa kuwa ni rahisi kuliko yote niliyoyataja. Injini ya Fiat 126, gari lililoanza mwaka 1972, inatokana na hii yako. Ya cc 652 inakaa mahali pake kwa marekebisho machache na inakupa nguvu za farasi 24 badala ya 17 na ushei. Inyanyueni watu wawili wenye migongo mizima. Ukiichukua, chukua na giaboksi lake pamoja na ekseli zake kama seti moja, utapata gia ya pili hadi ya nne zisizolia. Giaboksi la D linataka ukanyage klachi mara mbili kila unaposhuka gia, na kuna raha yake ukishalizoea, langu nimeliacha.

Dinamo ya gari hili haichaji tu. Kwenye mhimili wake ndipo feni ya kupoza injini ilipofungwa. Kwa hiyo altaneta ya gari jingine haiwekwi kienyeji. Zipo zilizotengenezwa kwa umbo la dinamo hii. Mkanda wake wa kuzungusha uutazame kila mara, maana ukikatika hupotezi chaji peke yake, injini inaungua. Kwa joto letu, mfuniko wa injini unaoachwa wazi kwa vyuma viwili, kama ulivyoonekana kwenye magari ya mbio ya Abarth yaliyotokana na 500, si pambo. Chujio la kawaida la oili pia usilitafute: uchafu hukusanywa ndani ya puli ya mbele ya krenki kwa nguvu ya kuzunguka. Ifungue, uisafishe kwa petroli. Yangu ilikuwa na matope meusi mazito kama lami, kijiko kizima cha mezani.

Breki za asili ni drami nne na njia moja ya mafuta. Bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Weka silinda kuu yenye njia mbili kabla ya kuongeza hata farasi mmoja.

Rimu zina bolti nne kwenye duara la milimita 190. Rimu za Vitz haziingii, na vipande vya kubadilishia matundu vinasukuma gurudumu nje na kulemea beringi. Tairi la asili ni 125 la inchi 12. 145/70 linakaa vizuri na kulishika gari chini. Ukitaka lishuke, upande wa mbele kuna springi moja ya majani iliyolala kwa upana, peleka kwa fundi wa springi aipinde upya. Nyuma ni springi za koili, nunua fupi. Usikate koili kwa grainda. Sentimita 3 zinatosha kwa barabara zetu.

Ndani na rangi

Viti nilivifunika kwa ngozi bandia ya kahawia, na dari ya turubai nikashonewa na fundi wa mahema, aliyeshona kwa uzi wa nailoni na kupitisha nta juu ya mishono. Miaka ya mvua imepita bila tone. Ndani ya milango ongeza mkanda wa ngozi wa kuuvutia mlango, ufungwe karibu na bawaba wala si kwenye ncha ya mbele, na kizuizi kipya cha kuuzuia usifunguke kupita kiasi ukagonga bodi ya nyuma.

Rangi ya mwisho ya vipande viwili, ile yenye kigumisho, usiipulize uani kwa barakoa ya vumbi. Mvuke wake unaharibu mapafu na pua haiuhisi. Fanya nyumbani kazi ya kusugua, puti nyembamba, praima ya epoksi na msasa wa maji hadi namba 600, kisha lipeleke mahali penye chumba cha kupulizia na barakoa ya kuleta hewa safi. Lipeleke milango ikiwa imetolewa. Gari lililopulizwa milango ikiwa mahali pake utalijua kwa bawaba: rangi imezigandisha, na mara ya kwanza unapofungua, inapasuka kwenye ukingo na maji yanaanza kuingia. Wewe unajua jinsi ya kuirudisha milango sasa, na utepe wako wa vipimo unao.

Ukibadilisha rangi au injini, kadi ya gari lazima ibadilike pia. Kwa Tanzania nenda TRA, kwa Kenya NTSA, kabla ya kwenda barabarani. Bima nao waambie kwa maandishi.

Baada ya kilomita 200 za kwanza, ufungue mlango kila upande na ukaze tena skrubu za bawaba na za kipokeo; rangi mpya chini yake hubonyea na skrubu hulegea kwa robo mzunguko hivi. Tia grisi kwenye pini hadi ichungulie upande wa pili, futa inayozidi. Nyanyua ncha ya mlango kama ulivyofanya siku ya kwanza, kidole cha mwenzako kikiwa kwenye bawaba. Rudia kila miezi mitatu.